Kobe Aliyepotea

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, wavulana wawili wa mama mmoja walikuwa wakienda shule. Njia yao ilipita kando ya shamba la mkonge, katika nchi tambarare iliyo kati ya Korogwe na Mombo, chini ya milima ya Usambara. Mkubwa alikuwa darasa la sita, na mdogo darasa la tatu. Walipofika mahali njia ile inapokata barabara kuu ya magari, waliona katikati ya lami kitu kama jiwe la mviringo. Lori likatoka upande wa Mombo, likapita juu ya jiwe lile, magurudumu huku na huku, wala halikuligusa. Lori lilipokwisha kupita, jiwe likatoa kichwa, likaanza kutembea.

“Kaka, ni kobe!” akasema mdogo.

Mkubwa akatazama barabara kulia na kushoto, akaenda mbio, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mdogo akamwonyesha dimbwi kubwa lililojaa maji ya mvua kando ya barabara, akasema, “Tumtupe humo, ndiko kwao. Kobe hukaa majini.”

Mkubwa alikuwa karibu kukubali. Lakini alipomgeuza kidogo ili ampeleke dimbwini, aliona ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma, juu ya mkia, tundu dogo lililotobolewa. Kingo za tundu zilikuwa zimelainika kwa miaka mingi, na ndani yake kilining’inia kipande cha kamba ya katani, kimekatika. Akasimama akifikiri. Kobe wa porini hafungwi kamba.

Basi ninyi msomao habari hii, huenda nanyi siku moja mkamkuta mnyama wa namna hiyo njiani, au shambani, au chini ya uchaga wa jirani. Tuwaache wavulana hawa pale kando ya barabara kwa muda kidogo, tujifunze kwanza mambo ambayo mkubwa yule hakuyajua bado.

Watu wengi humwita kobe kila mnyama mwenye gamba mgongoni, lakini jamaa yao ni kubwa, na makao yao hayafanani. Tazameni miguu, maana miguu haidanganyi. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene ya mviringo, kama miguu ya ndovu mdogo, yenye kucha butu, na gamba lake limeinuka juu kama kuba. Huyo ukimtupa dimbwini waweza kumwua. Hana utando katika vidole wala pezi la kupigia maji, mzigo wa gamba lake ni mzito, naye huvuta hewa kwa mapafu kama sisi. Kobe wa maji baridi, akaaye katika mabwawa na vijito, ana gamba bapa na vidole vyenye utando, na akishikwa hutoa harufu mbaya sana. Wakati wa mvua huyu hutoka bwawa moja akaenda jingine kwa miguu, hata huonekana mbali na maji, na watu humdhania amepotea. Hakupotea. Wa tatu ni kasa wa baharini, ambaye miguu yake imegeuka kuwa makasia. Katika pwani yetu ziko aina tano za hao, na wanaojulikana zaidi na wavuvi ni kasa wa kijani na ng’amba. Kasa akionekana mchangani usiku amekuja kutaga mayai. Usimmulikie taa, usimguse, umwache arudi baharini mwenyewe.

Kobe wa wavulana wetu alikuwa wa nchi kavu, wa aina ile yenye madoadoa meusi juu ya rangi ya majani makavu, kama madoa ya chui. Aina hiyo ndiyo kubwa kuliko zote za nchi kavu katika bara letu la Afrika ya Mashariki. Gamba la mkubwa aghalabu hufika urefu wa sentimita 30 hadi 45. Hula majani, mimea ya utomvu na matunda yaliyoanguka. Akikua salama huishi miaka 50 na zaidi.

Sasa liko jambo la pili, nalo ndilo watu hulikosea kuliko yote. Kobe wengi waonekanao barabarani hawakupotea hata kidogo. Wana safari yao. Huyu anatafuta mwenzake, yule anatafuta mahali pa kutaga, mwingine amesikia harufu ya majani mabichi ng’ambo ya pili. Kobe wa namna hiyo ukimwona katika hatari ya magari, mvushe barabara kwa upande ule ule aliokuwa akielekea, umweke mbali kidogo katika majani, kisha uende zako. Ukimrudisha alikotoka, utakapompa kisogo atageuka aingie barabarani tena, kwa kuwa hakubadili nia yake kwa ajili yako. Tena usimchukue ukampeleka mbali katika pori zuri unalolijua wewe. Yeye analijua pori lake: mahali pa kivuli, mahali pa maji, shimo la kulala. Ukimtupa ugenini hutangatanga akitafuta kwao, na katika kutangatanga huko ndimo afamo.

Je, utamjuaje aliyekuwa akifugwa? Ziko dalili. Tundu la kamba ni moja. Rangi iliyopakwa mgongoni, au namba, au herufi za jina, ni nyingine. Kobe wa porini akikuona hutoa pumzi kwa sauti, huvuta kichwa ndani na kufunga mlango kwa miguu yake ya mbele. Aliyezoea watu hukunyoshea shingo kama anayekuuliza umeleta nini. Na ukimkuta mjini kobe mdogo wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ujue huyo si wa nchi hizi. Asili yake ni Marekani, akauzwa dunia nzima kama mchezo wa watoto, na wenyewe wakimchoka humtupa mtoni. Huyo asitupwe mtoni kamwe, maana hula na kuzaana hata akawanyima riziki kobe wenyeji.

Kuhusu tundu lile nina neno la kusema. Watu hudhani gamba ni kama kucha, au kama nyumba ambayo kobe aweza kuivua. Sivyo. Gamba ni mfupa ulio hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, na juu yake pamelazwa vigae vya namna ya pembe. Mnaweza kumkwaruza kwa kijiti polepole mgongoni, mtaona anahisi. Basi atobolewaye gamba hutobolewa mfupa. Nimewaona watu wema kabisa, wasioweza kumpiga punda wao, wakimtoboa kobe huku wakicheka, kwa sababu tu halii.

Turudi barabarani. Kaka mtu alimshika kobe kwa mikono miwili, ubavu kwa ubavu, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, tumbo likitazama chini. Hivyo ndivyo ipasavyo. Asibebwe kichwa chini, wala asilazwe chali, kwa maana mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, na akilala chali matumbo yote huyalemea. Juani aweza kufa katika muda usio mrefu. Wala asirushwe wala kutishwa. Kobe wa nchi kavu huweka maji mwilini kama akiba ya kiangazi, na akishtuka huyamwaga yote. Mkimwona anakuloweni suruali msimcheke. Pengine amemwaga maji ya miezi miwili.

Walipokuwa bado wanatembea, kijana mmoja mwenye pikipiki akawafikia, akasimama. Akamtazama kobe, akasema, “Wadogo zangu, niuzieni huyo. Nitawapa shilingi elfu thelathini.”

Mkubwa akanyamaza. Viatu vyake vilikuwa vimefumuka mbele, hata dole gumba lilitoka nje, na mama yake alikuwa amemwambia asubiri hata mkonge wa mwezi ule ulipwe. Mdogo akamvuta shati. Yule kijana akatoa noti tatu, akazishika kama mtu anayecheza karata. Mwishowe mvulana akasema, “Si wetu, Kaka. Ana kamba ya mtu.” Kijana akacheka, akasema kobe hana mwenyewe, akawasha pikipiki akaenda.

Mwalimu wao hakuwakemea kwa kuchelewa. Alimtia kobe katika banda la kuku lililokuwa tupu nyuma ya shule, mahali penye kivuli upande mmoja na jua upande wa pili, kwa kuwa kobe hana moto wa mwili wake mwenyewe kama sisi. Akiona baridi hulitafuta jua, akiona joto hulikimbia, na ukimfungia juani tu umemkaanga. Wakamwekea maji katika sahani ya bati, kina chake kisichopita kidevu chake alipoinama. Akanywa muda mrefu sana, kichwa chote ndani.

Wanafunzi wakaleta vyakula, kila mtu kwa mapenzi yake. Mmoja alileta ugali, mwingine mkate, wa tatu alileta maziwa katika kikombe. Mwalimu akavikataa vyote. Tumbo la kobe limeumbwa kwa majani na nyasi. Ugali na mkate humvuruga, na maziwa si chakula chake tangu alipotoka katika yai, kwa kuwa kobe hana mama wa kumnyonyesha. Wakaleta majani ya mboga, nyasi mbichi na maua ya maboga. Maua ya maboga yaliisha kwanza.

Kisha akawaamuru wote waliomgusa wanawe mikono kwa sabuni. Kobe aliye mzima kabisa aweza kuchukua katika ngozi na mavi yake vijidudu viletavyo homa na kuharisha. Kwa sababu hiyo huko Marekani mwaka 1975 serikali ilikataza kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijatimia inchi 4, yapata sentimita 10, maana watoto walikuwa wakiwatia kinywani. Tena, ikiwa katika boma lenu mna kobe mwingine, mgeni asiwekwe pamoja naye. Kobe wana ugonjwa wao wa kamasi na kifua, nao huambukizana, na aliyeshikwa hudhoofika polepole hata watu wasijue siku alipoanza kuugua.

Mwanafunzi mmoja akauliza umri wake, akaanza kuhesabu duara zilizochorwa juu ya vigae vya gamba, kama watu wahesabuvyo duara za mti uliokatwa. Hesabu hiyo haiaminiki. Mwaka wa mvua njema aweza kuongeza duara zaidi ya moja, na mzee duara zake hufutika kwa kusuguana na miti na mawe. Ila yajulikana kwa hakika kwamba kobe huishi kuliko wanaomfuga. Katika kisiwa cha St Helena, kilicho katika Bahari ya Atlantiki, mwaka 1882 aliletwa kobe mkubwa kutoka Shelisheli, aitwaye Jonathan, naye alipoletwa alikuwa amekwisha kukomaa. Mwaka 2022 wenyeji walimfanyia sherehe ya miaka 190, kwa kukisia. Fikirini watu wangapi walimlisha wakafa wakamwacha.

Siku ile ile Mwalimu akapiga simu kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee wetu hata leo humwita Bwana Nyama. Wengine walishangaa: kwa nini kumwita mkubwa wa serikali kwa ajili ya kobe mmoja? Ni kwa sababu kobe hawa ni wanyama wa porini. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina yake ya mwaka 2013, na katika nchi zote mbili mtu haruhusiwi kumkamata, kumfuga wala kumwuza mnyama wa porini pasipo kibali. Hata aliyemwokota njiani kwa huruma, akikaa naye kimya kwa miezi, aweza kuulizwa swali gumu. Anayetoa habari mapema amejiweka salama, yeye na mnyama.

Na sheria hiyo haikutungwa bure. Mwaka 1919 mtawala Mwingereza wa Shelisheli aliwapelekea watu wa Unguja zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, wakawekwa katika kisiwa cha Changuu, kilicho mbele ya mji. Wakazaana vizuri, hata kufika mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kula, wengine kwa kuwauza ng’ambo. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990 walibaki 50. Mwaka 1996 walikuwa saba. Wakaletwa watoto 80 ili kujaza pengo, na katika hao 40 wakatoweka. Ndipo wakajengewa ua na kulindwa. Yuko pia kobe mdogo bapa akaaye katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, na kidogo Zambia. Gamba lake ni laini, akiona adui hakai kitako kama wenzake, bali hukimbia akajipenyeza katika ufa. Jike hutaga aghalabu yai moja tu kwa mara moja, na kwa hiyo wakichukuliwa kumi katika mlima mmoja, mlima ule hukaa mtupu miaka mingi. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kwamba biashara ya kobe huyo wa porini ikomeshwe kabisa baina ya nchi na nchi.

Jioni, wanafunzi walipokwisha kwenda, Mwalimu akamwita mvulana aliyemwokota kobe. Wakamwinua pamoja, wakamkagua. Tumbo lake lilikuwa limebonyea katikati, na mkia wake mrefu na mnene. Kwa dalili hizo wakajua ni dume, maana jike tumbo lake ni bapa na mkia mfupi. Upande wa kulia wa gamba vigae vitatu vilikuwa vimekunjamana kama plastiki iliyokaribia moto, kovu la zamani sana. Na mguu wa nyuma wa kushoto ulikosa kucha mbili.

Mwalimu akasema, “Kesho tutatangaza kanisani, msikitini, sokoni na kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba kobe ameonekana. Tutasema ana madoa, tena ana tundu. Habari za kovu na za mguu tutakaa nazo mimi na wewe.”

“Kwa nini, Mwalimu?”

“Mwenye mali hahitaji kusikia kwetu mali yake ikoje.”

Hekima hiyo yafaa kwa kitu cho chote kilichookotwa, iwe mkoba, mbuzi au baiskeli. Tangazo lieleze mambo ya kutosha mwenyewe ashtuke, lakini alama moja au mbili zifichwe.

Siku ya tatu akaja mtu kumdai kobe. Alikuwa yule kijana wa pikipiki. Akamwamkia Mwalimu kwa adabu, akasema kobe ni wake, amemlea tangu utoto, na kwamba ana madoa na tundu la kamba. Mvulana akamnong’oneza Mwalimu habari za zile shilingi elfu thelathini. Mwalimu akauliza, “Mbona juzi ulitaka kununua mali yako?”

“Nilikuwa nawapima watoto, Mwalimu, nione kama ni waaminifu.”

Jibu hilo lilikuwa jema kuliko tulivyotazamia. Mwalimu akafikiri, kisha akauliza kwa upole, “Na huyu kobe wako, ni dume au jike?”

“Jike. Mwezi wa pili ametaga nyumbani mayai kumi na mawili.”

Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamejazana dirishani. Walikuwa wamefundishwa habari za tumbo lililobonyea asubuhi ile ile, na kicheko chao kilisikika mpaka barabarani. Kijana hakungoja kuulizwa habari za mguu.

Siku ya tano, karibu na adhuhuri, akaja bibi mmoja mzee amejitanda khanga, anatembea kwa mkongojo, na mjukuu wake amebeba mfuko. Alitoka kijiji cha ng’ambo ya shamba la mkonge. Alikuwa amekwenda Tanga kwa binti yake kutibiwa macho, na katika siku zile mvua ilibomoa ukingo wa ua wake, kamba ikaoza, kobe akapita chini. Wanafunzi wakamwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akaitika, “Marahaba, wajukuu zangu. Nimeambiwa mnakaa na mtu wangu.”

Mwalimu akamwuliza kama kobe wake ana alama yo yote.

“Ana alama ya moto,” akasema. “Ubavu wa kulia. Marehemu mume wangu alimtoa katika moto wa nyasi, akiwa hapati kiganja changu. Mguu wa nyuma vidole viliungua, kucha hazikuota tena. Tulidhani hatapona. Tukampaka asali, na tukamwita Posta, kwa kuwa huchelewa, lakini hufika.” Kisha akatoa katika mfuko kibakuli cha bati, akakigonga mara tatu kwa pete yake.

Katika banda la kuku pakasikika mkwaruzo. Kobe alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameegemeza ya mbele katika wavu, shingo ameinyosha yote. Bibi akasema, “Umenenepa, mwizi wewe.”

Hapo hadithi ingekwisha vizuri, lakini afisa wa wanyamapori alikuwa amefika asubuhi ile kwa ajili ya shauri hilo hilo, naye alikuwa ameketi kivulini akisikiliza. Akamwamkia Bibi, akamwuliza kama marehemu alipata kibali cha kumfuga. Bibi hakuwa na karatasi yo yote. Hakupata kusikia kwamba kobe huombewa karatasi.

Kulikuwa kimya. Mwanafunzi mmoja akathubutu kusema, “Bwana, si arudishwe porini tu, akawe huru?”

Afisa akamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima. Alisema kobe aliyelishwa na watu tangu utoto hajui pori lililo mbele yake. Huenda kwa mtu ye yote, naye amtakaye hutia mkononi. Huenda pia akachukua magonjwa kutoka kwa kuku na mbwa akawapelekea kobe wa porini wasioyazoea. Kwa hiyo hatupwi tu. Kwanza huchunguzwa na daktari wa wanyama, kisha hutengwa, kisha huamuliwa. Wala afisa hakumtia Bibi hatiani, kwa kuwa alikuja kwa miguu yake na kusema kweli yote. Akaamua kobe akae kwa Bibi kwa muda, kwa dhamana ya mwenyekiti wa kijiji, hata jibu litoke kwa wakubwa wake. Kamba akaikataza. Akasema ua ujengwe.

Jumamosi wanafunzi wa darasa la sita wakaenda na majembe. Ua wa kobe haujengwi kama wa mbuzi. Kobe haruki, bali huchimba na kusukuma, na yaliyo mbele yake akiyaona kwa upenyo hujaribu kupita siku nzima. Basi walichimba mtaro wa shubiri mbili kuuzunguka ua, wakapanga mawe ndani yake hata juu ya ardhi, wakasimamisha mbao zisizo na nafasi. Walimwachia kichaka cha kivuli na mahali pa mchanga. Mvulana wetu alifanya kazi bila viatu.

Jibu lilikuja mwisho wa mwezi wa Juni. Wakubwa waliamuru kobe apelekwe mahali panapotunzwa wengine wa aina yake, penye daktari. Afisa alikuja mwenyewe na sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na nyasi kavu chini. Bibi alikuwa amekwisha kuambiwa tangu juzi, naye hakulia mbele ya watu. Aliuliza tu kama huko yako maua ya maboga, na afisa, ambaye hakutaka kusema uongo, akajibu kwamba hajui, lakini atauliza.

Ikaandikwa karatasi ya safari. Mvulana akapima gamba kwa rula ya shule: sentimita 41. Afisa akaandika aina yake, urefu wake, dume, kovu la moto upande wa kulia, kucha mbili hazipo.

“Na jina?” akauliza Bibi.

“Karatasi haina mahali pa jina, Bibi.”

“Basi andika pembeni.”

Afisa akageuza karatasi, akaandika pembeni, kwa herufi kubwa, POSTA. Mvulana akaweka kile kibakuli cha bati ndani ya sanduku, juu ya nyasi, kisha wakafunga kifuniko.